Saa Sita ya Alhamisi

Wanawake kumi na mmoja, jibu moja. Emil Kostka aliandika jina la kumi na mbili kwenye kijitabu chake, akalamba ncha ya penseli, akauliza lile lile.

"Mama Moen, Alhamisi Bi Alma alifika hapa jikoni kabla ya king'ora cha saa sita, au baada?"

Gunda Moen alikuwa anamenya viazi kwenye jiko la kanisa, na hakuinua macho.

"Sikukisikia king'ora."

"Hukukisikia."

"Ndivyo nilivyosema. Tulikuwa na maziko ya bibi Hjelm. Watu arobaini wanataka kahawa, masufuria mawili yanafoka. Wewe ungesikia?"

"King'ora cha mtambo wa maji kinasikika mpaka kwa ng'ombe wa Haugen, maili tatu."

"Basi kawaulize ng'ombe."

Wale wenzake waliokuwa wakifuta sahani waliangua kicheko. Kostka alifunga kijitabu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alijua wanawake wale wanampenda Alma Tvedt, na mtu anayependwa hutetewa. Lakini ukitaka kumtetea mwenzio si useme alifika mapema, ukamalizana nayo? Hawa wote kumi na wawili, kama waliokaa kikao, kila mmoja hakusikia. Ushahidi wa namna hiyo haumfai mtu yeyote.

Kostka alikuwa polisi wa mji wa Harmon Forks, Iowa, na ninaposema polisi usidhani kikosi. Ni yeye peke yake na beji yake, pamoja na kazi zote ambazo hakuna mwingine anayezitaka: kukamata mbwa wasio na kibali, kuzibua mifereji, kuwarudisha watoto majumbani, na kukaa mlangoni kila baraza la mji linapokutana. Kesi kubwa kama hii hakuwahi kuipata, na sasa alikuwa na saa tisa tu za kuimaliza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kule Bondeni, kando ya mto, zilikaa familia sitini zilizopoteza nyumba na mashamba, kwenye vibanda vya mbao za makasha. Maji yao yalitoka bomba moja la mji. Baraza lilikuwa limekusudia kulifunga bomba hilo tarehe mosi Julai. Watu wakaandika ombi, likatiwa saini mia mbili na kumi na nne, na sheria ya mji inasema ombi lenye saini mia mbili likifika mbele ya baraza, jambo linapelekwa kwa wananchi walipigie kura. Karatasi tisa za saini hizo ziliwekwa kwenye droo ya karani wa mji, Bi Alma Tvedt, zisubiri kikao cha Jumatatu. Alhamisi mchana zikatoweka. Droo haikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Alma.

Alma alisema alifunga ofisi saa sita kasorobo akaenda kanisani kumimina kahawa. Alikuwapo shahidi aliyesema vingine, tena shahidi mzito, diwani. Meya alikuwa amemkataza Kostka kumwambia Alma shahidi ni nani na amesema nini. Mama wa watu akawa anashtakiwa kwa jambo asilolijua. Jioni ile ile baraza lingemfukuza kazi, na asubuhi angepelekwa kwa mwendesha mashtaka wa wilaya. Mshahara wake ulikuwa unamlisha mama yake, dada yake, na wapwa wawili. Kazi nyingine mwaka ule wa 1933 usiitaje, hata wanaume wenye mikono kama makoleo walikuwa wanafagia njia za watu kwa sahani ya maharage.

Kostka alitoka kanisani akavuka barabara mpaka duka la Harlan Pruitt.

Pruitt aliuza misumari, kufuli, majembe na mabati, na alikuwa diwani kwa mwaka wa kumi na sita. Ardhi ya Bondeni ilikuwa yake pia, na bila bomba wakazi wake wangelazimika kuihama. Kostka alimkuta anapima misumari kwenye mizani.

"Emil, mwanangu. Bado unahangaika?"

"Bado, mzee. Nisimulie tena ile habari, nisije nikaandika kombo."

"Andika basi. Nilikuwa nimesimama hapa mlangoni pangu. King'ora cha saa sita kikalia. Nikatoa saa yangu mfukoni, nikairekebisha, maana inachelewa dakika mbili kila siku. Ninapoirudisha mfukoni, namwona Alma anatoka ukumbi wa mji, kifurushi kwapani, anatazama kushoto na kulia. Saa sita kamili. Sasa yeye anasema wakati huo alikuwa kanisani. Nani mwongo?"

"King'ora kililia kama kawaida?"

"Kililia kama kinavyolia miaka yote. Umeanza kuwa kiziwi?"

"Kufuli ya droo ya karani uliuza wewe?"

"Mjini kuna duka jingine?"

"Kufuli zako huja na funguo ngapi?"

Mkono wa Pruitt ulitulia juu ya misumari, kisha ukaendelea.

"Mbili. Zote nilimpa yeye."

"Anasema alipewa mmoja."

"Mwizi atasema nini kingine?" Pruitt alimwaga misumari kwenye mfuko wa karatasi. "Sikiliza, mwanangu. Jioni utasoma ripoti yako, tutapiga kura, tutaenda kulala. Usijipe presha."

Kostka aliaga. Nje alisimama akatazama mlango wa ukumbi wa mji. Kutoka dukani unaonekana vizuri, hapo Pruitt hakudanganya. Yote yalitegemea saa. Ikiwa Alma alifika kanisani kabla ya king'ora, Pruitt ni mwongo. Kama alifika baada, Alma amekwisha. Na watu wa Harmon Forks hawana saa nyingine ya kuulizwa ila king'ora hicho. Kinalia saa moja waende kazini, kinalia saa sita wakale, kinalia saa kumi na mbili warudi nyumbani. Wengi waliokuwa na saa za mfukoni walishaziuza kununua unga.

Yeye mwenyewe hangeweza kusema lolote. Alhamisi alishinda kwenye machimbo ya kokoto, akilivuta lori la mkulima kutoka mtaroni. Akaamua kwenda kumuuliza mpigaji wa king'ora. Pengine siku ile king'ora kiliwahi au kilichelewa dakika chache, na dakika chache zingetosha kumwokoa mtu.

Nels Brekke, fundi wa mtambo wa maji, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula mkate na kitunguu.

"Nels, Alhamisi ulipiga king'ora cha saa sita saa ngapi?"

"Saa ngapi?" Nels alitafuna kwanza. "Sikupiga."

"Hukupiga saa sita kamili?"

"Sikupiga kabisa. Ningepiga kwa nini, kwa pumzi yangu? King'ora kinataka mvuke, mvuke unataka moto. Alhamisi boila lilikuwa baridi tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane. Nilikuwa ndani yake na brashi, nakwangua magadi yaliyoganda. Kila Juni nalisafisha."

Kostka alijikuta amekaa juu ya rundo la magunzi ya mahindi, yale waliyokuwa wakiyachoma siku hizo kwa kuwa makaa yalikuwa ghali kuliko mahindi.

"Nani alijua?"

"Baraza zima. Huwezi kuzima boila la mji bila ruhusa. Nilisimama mbele yao kikao kilichopita, nikaomba, wakapitisha. Hata wewe ulikuwepo, kaka. Ulikuwa umekaa mlangoni."

Aibu ilimshika Kostka, ikampanda mpaka masikioni. Alikuwepo, ndiyo. Alikuwepo amelala. Kikao chochote cha baraza kina ile sehemu ya shughuli za kawaida, mbwa, mifereji, ruhusa ya hiki na kile, na ikifika hapo mwenyekiti anasema "wanaokubali?", watu wananguruma "ndiyo" huku kila mtu akili yake ipo kwenye zizi lake. Mji ule ulikuwa unatawaliwa na watu wanaosema ndiyo kwa wasiyoyasikia. Wanawake wa kanisani hawakuwa wamekula njama. Hawakusikia king'ora kwa sababu hakikulia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nafasi ya kujiuliza kwa nini.

"Kuna mtu mwingine amekuuliza habari hii?"

"Nani aniulize mimi? Mimi nasukuma maji tu."

Kostka aliinuka. Ndipo alipoliona gunia kwenye kona, limefungwa kamba, lina muhuri wa duka la Pruitt.

"Hilo ni nini?"

"Takataka za karatasi za dukani. Kila Alhamisi mchana mzee Pruitt analeta, nachoma. Ila Alhamisi hii analileta, tanuri halina moto. Alilitupa hapo mlangoni akaenda zake, mimi nipo tumboni mwa boila. Tangu hapo nimekuwa nawashia magunzi, nikalisahau."

"Alileta mwenyewe?"

"Nilimwona viatu. Vile vya njano, mjini anavyo yeye tu."

Kostka alikata kamba kwa kisu. Juu palikuwa na karatasi za kufungia misumari. Katikati, zimekunjwa mara nne, karatasi tisa. Alizihesabu mara mbili. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la mjane wa Bondeni aliyetia msalaba badala ya saini. Kostka alifurahi mpaka akampiga Nels bega, na mkate wa watu ukaanguka.

Lakini njiani akili ilimrudia. Gunia peke yake halitoshi. Pruitt angesema Alma ndiye aliyezisokomeza humo, na diwani wa miaka kumi na sita angeaminiwa. Kilichomfunga Pruitt ni ule uongo wa king'ora, na uongo huo alikuwa ameusema mbele ya Meya na Kostka tu. Leo angeweza kuukana. Ilibidi aurudie hadharani, mbele ya mji. Na hapo palikuwa na kikwazo kikubwa: kila kikao hufunguliwa kwa kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Ruhusa ya kuzima boila ingesomwa kwa sauti, Pruitt akiwa kwenye kiti chake, dakika chache kabla ya kutoa ushahidi. Akiisikia, atabadilisha maneno, na Alma amekwisha.

Kostka hakumwambia mtu, hata Meya. Alimwomba Nels aje amevaa shati safi.

Saa moja na nusu jioni ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Jua la Juni lilikuwa bado linaingia madirishani. Watu wa Bondeni walikuja na watoto wao. Alma Tvedt alikaa safu ya nyuma, kofia kichwani, mikono imeshikana mapajani. Kiti chake cha karani, alichokalia miaka tisa, kilikaliwa na diwani kijana, Wendell Osgood, aliyeshika kitabu cha kumbukumbu kana kwamba kitamng'ata.

Meya Gus Dahlke alikuwa mchinja nyama, na aliendesha kikao kwa haraka ya mtu aliyeacha nyama juani.

"Wendell, soma."

Osgood alisoma kwa sauti ya puani. Kibali cha mbwa kiongezwe muda wiki mbili. Kostka alimtazama Pruitt. Pruitt alikuwa amemwinamia jirani yake, wananong'onezana. Kalvati la mtaa wa Elm lizibuliwe. Pruitt aliwasha sigara.

"Tatu," alisoma Osgood. "Fundi Brekke aruhusiwe kuzima boila Alhamisi tarehe kumi na tano, kuanzia saa nne hadi saa nane, kwa usafi wa mwaka. King'ora cha saa sita hakitapigwa siku hiyo."

Pruitt alicheka. Kostka alidhani yamekwisha. Lakini Pruitt alikuwa anachekea hadithi ya jirani yake, habari za nguruwe aliyeingia chumbani kwa mchungaji.

"Nne, mitungi miwili ya rangi kwa ajili ya benchi la bustani," aliendelea Osgood, na kumbukumbu zikaisha.

"Kuna masahihisho?" aliuliza Meya.

"Naomba zipitishwe kama zilivyosomwa," alisema Pruitt, hata bila kugeuza kichwa. Alisema hivyo kila kikao kwa miaka kumi na sita.

"Wanaokubali?"

"Ndiyo," lilinguruma baraza.

Kostka alishusha pumzi. Meya akamwita.

"Emil, ripoti."

"Mheshimiwa Meya, ripoti yangu inasimama juu ya ushahidi wa diwani Pruitt. Naomba auseme mwenyewe, watu wausikie kwa kinywa chake."

Pruitt alisimama kwa raha. Mtu anayependa sauti yake hahitaji kuombwa mara mbili. Alisema yote, mlango wa duka, king'ora, saa ya mfukoni, Alma na kifurushi. Ukumbini watu waligeuka kumtazama Alma. Kwa mara ya kwanza Alma alijua ni nani aliyemchongea, na akafungua mdomo. Kostka alimwonyesha kiganja, asubiri.

"Mheshimiwa, una hakika ilikuwa saa sita?"

"King'ora kililia, Emil. Unataka nini zaidi?"

"Ulikisikia kwa masikio yako?"

"Ya kuazima sina."

"Na ukarekebisha saa yako kwa king'ora hicho."

"Nimesema hivyo mara tatu."

"Nels, simama. Alhamisi saa sita ulipiga king'ora?"

"Sikupiga," alisema Nels. "Boila lilikuwa baridi. Nilikuwa ndani yake."

Minong'ono ilipita ukumbini. Mama Moen, aliyekaa na jopo lake lote la jikoni, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Si tulikwambia hatukusikia? Ukadhani sisi waongo."

Pruitt alikuwa mwekundu. Badala ya kunyamaza, akapayuka, na mdomo ukamponza.

"Boila la mji lizimwe? Nani alimruhusu? Nataka kujua ni nani aliyempa fundi huyu ruhusa ya kuzima boila bila baraza kujua!"

Kostka alikuwa amengojea maswali mengi, lakini hakuthubutu kuliombea hilo.

"Mheshimiwa Osgood, turudie kipengele cha tatu. Mpaka mwisho, na jina la mtoa hoja."

Osgood alifungua ukurasa. Safari hii sauti ilimtoka kifuani. Alisoma boila, tarehe, saa, king'ora kisipigwe. "Hoja imetolewa na diwani Harlan Pruitt. Imepita bila kupingwa."

Ukumbi ulilipuka. Walicheka watu wa Bondeni, wakacheka wafanyabiashara, akacheka mpaka yule jirani wa hadithi ya nguruwe. Kostka alisubiri watulie, kisha akainua gunia lenye muhuri wa duka, akalimwaga mezani. Karatasi tisa alizipanga moja moja.

"Hizi zilipelekwa kuchomwa Alhamisi mchana kwenye tanuri lisilo na moto. Aliyezipeleka, Nels alimwona viatu, vya njano. Hakuna siri, amevivaa hata sasa."

Watu waliinamia chini kutazama. Pruitt alikaa upesi, akavuta miguu chini ya kiti.

"Kuokota karatasi si kufungua droo," alisema. "Ufunguo anao yeye."

"Kufuli zako zina funguo mbili. Naomba Mheshimiwa Meya aazime shada la funguo zako."

"Hana haki hiyo."

"Harlan," alisema Meya Dahlke, na hakukuwa na haraka tena kwenye sauti yake. "Lete hapa."

Meya mwenyewe aliinama kwenye droo ya meza ya karani, pale pale mbele ya ukumbi. Ufunguo wa kwanza haukuingia. Wa pili ukaingia, haukugeuka. Wa tatu hata kidogo. Wa nne uligeuka, na droo ikafunguka mbele ya mji mzima. Hapo hakuna aliyecheka. Mwuza funguo hakuweza kuutupa ufunguo mzima, uchoyo wake haukumruhusu.

Kostka alimshika Pruitt kiwiko. Selo ya mji wiki ile ilikuwa na mbwa wawili wasio na kibali, lakini nafasi ilikuwepo. Walipopita mlangoni watu wa Bondeni walimpisha bila kumgusa, na yule mjane wa msalaba akamfungulia mlango. Kostka alimkabidhi kwa Nels na wanaume wanne wamshikilie nje kibarazani, akarudi ndani. Alitaka kuona mwisho, na alistahili.

Saini zilihesabiwa, mia mbili na kumi na nne, na ombi likapokelewa. Bomba halitafungwa mpaka wananchi wapige kura, na kwa jinsi ukumbi ulivyokuwa unapiga miguu sakafuni, kura hiyo ilishajulikana.

Osgood alikuwa wa kwanza kuinuka kutoka kwenye kiti cha karani. Alma alikuja mbele polepole, akavua kofia, akaketi, akachovya kalamu.

Meya alikohoa. "Bi Alma, mimi na wenzangu, kwa kweli, unajua, tunaomba radhi. Basi, tuendelee na shughuli."

"Mheshimiwa Meya," alisema Alma, "niliposhtakiwa, iliandikwa?"

"Iliandikwa, ndiyo. Wendell aliandika Ijumaa, bila kikao."

"Basi na hili ni hoja. Naomba mtoa hoja na mwenye kuiunga mkono."

Meya alitazama huku na huku. Hakuna diwani aliyemsaidia. Akasimama, mchinja nyama mwenye shingo nene, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Natoa hoja kwamba baraza linamwomba radhi karani wake, Bi Alma Tvedt, kwa kuwa... kwa sababu tulikosea."

"Naunga mkono," alisema Osgood, na nyuma yake wakaunga mkono watu mia mbili wasio na haki ya kuunga mkono chochote, Mama Moen akiwa wa kwanza. Kostka alijikuta na yeye amesimama, anapaza sauti pamoja nao.

Alma aliandika kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Alipofika katikati ya mstari akainua kalamu.

"Rudia mwisho, Mheshimiwa, taratibu. Sikuipata ile sehemu ya 'tulikosea'."

Meya akavuta pumzi, akairudia, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka kibarazani alikoshikiliwa Pruitt.